Mzigo wa Mwenzio: Kazi, Ujira na Tathmini ya Mwalimu wa Kiswahili katika Delta ya Mto Tana

1.0 Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Atazamaye kwa mbali huuona mzigo mkubwa ukipanda na kushuka kichwani mwa mchukuzi, akadhani kwamba ndani yake mna kitu chepesi. Methali hii inafaa sana kuanzia mjadala kuhusu kazi ya ualimu. Nchini Kenya mzigo wa mwalimu umepimwa mara nyingi: umepimwa kwa vipindi, kwa alama za mitihani, kwa fomu za tathmini na kwa mikataba ya mishahara. Hata hivyo, kupima si lazima kuwe sawa na kujua uzito. Mizani huonyesha kile tu kilichowekwa juu yake.

Makala haya yanachunguza mzigo, ujira, tathmini na ustawishaji wa kitaaluma wa mwalimu wa Kiswahili katika eneo la Garsen na Delta ya Mto Tana. Hoja yake kuu ni kwamba sehemu nzito zaidi ya kazi ya mwalimu huyu, yaani kazi ya kuwavusha wanafunzi kutoka lugha zao za nyumbani hadi Kiswahili sanifu, haionekani katika kipimo chochote kinachotumiwa rasmi. Kwa kuwa haionekani, hailipwi kwa fedha wala kwa muda, haimpandishi cheo anayeifanya vizuri, na haimwandai anayekuja nyuma yake. Aidha, makala yanadai kwamba lawama haiwezi kuishia kwa mwajiri peke yake. Idara za Kiswahili za vyuo vikuu, ambazo ndizo zinazomwandaa mwalimu huyu, nazo hazijaieleza kazi hiyo kwa namna inayoweza kuhesabiwa.

2.0 Garsen na Watu Wake: Darasa la Lugha Nyingi

Garsen ni mji ulioko kwenye barabara itokayo Malindi kuelekea Hola na Garissa, karibu na Minjila ambapo njia ya Lamu hujitenga. Ni mojawapo ya maeneo bunge matatu ya Kaunti ya Tana River, mengine yakiwa Galole na Bura. Kaunti hii ina ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 35,000, lakini sensa ya mwaka 2019 iliihesabia watu 315,943 tu. Tofauti kati ya takwimu hizo mbili inatosha kuonyesha jinsi shule zilivyotawanyika, na jinsi safari ya kwenda makao makuu ya kaunti mjini Hola kwa ajili ya shughuli moja ya ofisini inavyoweza kummalizia mwalimu siku nzima.

Kwa mwanafunzi wa isimu, delta hii ni hazina. Wapokomo, ambao ni wakulima wa kingo za mto, huzungumza lugha ya Kibantu iliyo ndugu wa karibu wa Kiswahili. Katika uainishaji wake maarufu, Malcolm Guthrie aliiweka Kipokomo katika ukanda wa E na Kiswahili katika ukanda wa G, kana kwamba lugha hizo zina umbali mkubwa. Utafiti wa Derek Nurse na Thomas Hinnebusch uliochapishwa mwaka 1993 ulithibitisha picha nyingine: Kipokomo, Kiswahili, Kimijikenda, Kingazija pamoja na lahaja nyingine za Komoro, na Kielwana kinachozungumzwa juu zaidi ya mto, zote ni za kundi moja la Sabaki. Waorma kwa upande wao ni wafugaji, na lugha yao ni ya Kikushi, jamaa ya Kioromo cha Ethiopia. Wapo pia Wawardei, Wagiriama, na Waswahili wa Kipini kwenye mlango wa mto.

Watoto wa jamii hizi hukutana katika darasa moja, mbele ya mwalimu mmoja. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Sera ya elimu, tangu mfumo wa 8-4-4 uanze mwaka 1985, imekifanya kuwa somo la lazima na la kutahiniwa. Katika darasa la Garsen, hata hivyo, Kiswahili ni zaidi ya somo. Ndiyo lugha ambayo mtoto wa Kipokomo na mtoto wa Kiorma wanaweza kusemeshana.

Jambo hili si dogo katika eneo ambalo limewahi kumwaga damu. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013, mapigano ya delta kati ya Wapokomo na Waorma yaliua zaidi ya watu 100. Katika kijiji cha Riketa peke yake waliuawa zaidi ya watu 50 tarehe 22 Agosti 2012. Chanzo chake kilikuwa ardhi, malisho, maji na siasa, haikuwa lugha. Haitakuwa kweli basi kudai kwamba somo la Kiswahili lingeyazuia mapigano hayo. Lililo kweli ni kwamba baada ya mapigano, watoto wa pande zote mbili walirudi darasani, na aliyesimama mbele yao akiwasomesha ufahamu na kuwagawa katika vikundi vya majadiliano alikuwa mwalimu. Kazi hiyo haina safu katika ratiba.

3.0 Mzigo: Kinachohesabiwa na Kisichohesabiwa

3.1 Vipindi na saa

Mzigo rasmi wa mwalimu wa shule ya upili huhesabiwa kwa vipindi vya dakika 40 kwa wiki. Hesabu hii ina faida moja kubwa: ni rahisi na inawahusu walimu wote kwa usawa. Udhaifu wake ni kwamba inachukulia kuwa kila kipindi kinazaa kazi sawa nje ya darasa.

Mtihani wa Kiswahili wa kidato cha nne katika mfumo wa 8-4-4 una karatasi tatu: Insha yenye alama 40, Lugha yenye alama 80, na Fasihi yenye alama 80. Karatasi ya kwanza haiwezi kufundishwa bila kuandikwa, na kinachoandikwa hakiwezi kufaa kitu bila kusahihishwa. Ichukuliwe kwa mfano kwamba mwalimu ana mikondo miwili ya wanafunzi 45 kila mmoja, na kwamba kila mwanafunzi huandika insha moja kila baada ya wiki mbili. Ikiwa insha moja itasomwa na kusahihishwa kwa dakika 10, insha 90 zitachukua dakika 900, yaani saa 15. Zikigawanywa katika wiki mbili, hizo ni saa saba na nusu kwa wiki, ambazo ni sawa na vipindi 11 vya dakika 40. Mwalimu ambaye ratiba inasema ana vipindi 24 kwa kweli ana 35, kabla hajaandaa somo hata moja, kabla ya zamu, michezo, na tamasha za muziki na drama.

Hesabu hii ingemhusu mwalimu wa Kiswahili popote nchini. Swali linalofuata ni hili: ni nini kinachoongezeka anapokuwa Garsen?

3.2 Kazi ya kuvusha

Mwanafunzi Mpokomo hukisikia Kiswahili akadhani anakijua. Ukaribu wa lugha hizi mbili ni msaada mkubwa katika kusikiliza, lakini ni mtego katika kuandika. Mahali ambapo Kiswahili sanifu kina "mtu", Kipokomo kina "muntu". Anayeandika "muntu" au "mutu" katika insha hajakosa kwa kutojua maana. Ameandika sauti ya nyumbani kwao, ambayo kihistoria ndiyo kongwe zaidi. Mwalimu anayepiga mstari mwekundu na kuendelea ametumia sekunde mbili. Mwalimu anayesimama na kuonyesha kwamba irabu ya kiambishi hicho imedondoka katika Kiswahili na kubaki katika lugha jirani, kisha akawaomba wanafunzi watafute mifano mingine, ametumia kipindi kizima. Wa pili ndiye aliyefundisha, na kosa halitarudi kwa urahisi. Katika rekodi ya kazi, hata hivyo, wa kwanza ndiye aliyekwenda na wakati.

Mwanafunzi Muorma ana safari ya aina nyingine. Lugha yake haina ngeli za Kibantu. Nomino zake hugawika katika jinsia ya kiume na ya kike, na kitenzi huja mwishoni mwa sentensi. Sentensi nyepesi kama "Ng'ombe wangu wawili wamerudi" inamtaka ajue kwamba nomino moja inatawala umbo la kimilikishi, la idadi na la kitenzi kwa wakati mmoja. Halafu anaambiwa kwamba ng'ombe, ingawa umbo lake linafanana na la nyumba, hufuata upatanisho wa viumbe wenye uhai. Kwake yeye kila sentensi ya Kiswahili ni hesabu. Mwalimu anayemhudumia mwanafunzi huyu kwa mazoezi yale yale anayompa Mpokomo atawachosha wote wawili.

Kwa hiyo darasa moja la Garsen linahitaji, kwa uchache, maandalio mawili ya somo. Ratiba inaonyesha moja.

3.3 Fasihi iliyo mlangoni

Kazi ya kuvusha ina upande wake wa furaha. Fasihi simulizi hufundishwa pamoja na utanzu wa bembezi, yaani nyimbo za kubembelezea watoto. Vitabu hutoa mifano kutoka kila pembe, ilhali mfano ulio mashuhuri kuliko yote umetoka kwenye mto huu huu: lahani ya Wimbo wa Taifa la Kenya, uliotumika tangu uhuru wa mwaka 1963, ilitokana na wimbo wa Kipokomo wa kubembelezea mtoto, ulioletwa na Meza Moroa Galana. Masimulizi ya Fumo Liyongo nayo yanamhusisha shujaa huyo na Ozi, karibu na Kipini, ndani ya delta yenyewe.

Mwalimu anayetaka wanafunzi wake waijue fasihi simulizi kama kitu kilicho hai hana budi kutoka nje ya darasa, kuwatuma wanafunzi kwa mabibi na mababu zao, kuwapokea Waorma na nyimbo zao za ng'ombe, na kuzifasiri kwa Kiswahili ili wote wazielewe. Hiyo ni kazi ya uwandani kwa maana kamili ya neno hilo. Ingefanywa na mhadhiri, ingeitwa utafiti na ingempatia alama za kupandishwa cheo. Ikifanywa na mwalimu wa shule, hakuna anayeiandika.

3.4 Mto wenyewe

Mzigo wa delta hubadilika pamoja na mto. Mvua za El Nino za 1997 na 1998, mafuriko ya 2018, yale ya mwishoni mwa 2023 na yale ya Aprili na Mei 2024 yaliwafukuza watu makwao na kugeuza shule kuwa visiwa au makimbilio. Mwaka 2024 muhula wa pili, ambao ulikuwa uanze tarehe 29 Aprili, uliahirishwa kote nchini, na shule zikafunguliwa tarehe 13 Mei. Kwa shule za nyanda za juu zilizokuwa kavu, hizo zilikuwa wiki mbili zilizopotea. Kwa shule ambayo madaftari yake yamesombwa na wanafunzi wake wako kambini, tarehe ya kufungua ni tarehe tu. Silabasi haikupungua, na mtihani haukungoja.

4.0 Ujira: Fedha Hufuata Mahali, Hazifuati Kazi

Historia ya mishahara ya walimu wa Kenya ni historia ya ahadi na migomo. Mwaka 1997, baada ya mgomo ulioongozwa na chama cha KNUT, serikali ilikubali nyongeza ya kati ya asilimia 150 na 200 itakayolipwa kwa awamu katika miaka mitano. Awamu ya kwanza ililipwa, zilizosalia zikakwama, na migomo ya 1998 na 2002 ikafuata. Mwaka 2015 shule zilifungwa tena katika mvutano uliofika mahakamani. Oktoba 2016 Tume ya Huduma kwa Walimu, ijulikanayo kwa kifupi kama TSC, ilitia saini na vyama vya walimu mkataba wa shilingi bilioni 54 kwa kipindi cha 2017 hadi 2021. Mkataba uliofuata, wa Julai 2021, ulitiwa saini bila nyongeza ya mshahara.

Mkataba wa 2016 uliegemea tathmini ya kazi iliyofanywa na Tume ya Mishahara. Wazo lenyewe lilikuwa jema: kila kazi ipimwe uzito, kisha ilipwe kwa uzito huo. Walionufaika zaidi walikuwa wakuu wa shule na manaibu wao, kwa kuwa usimamizi una majukumu yanayoorodheshwa kwa urahisi. Mwalimu wa darasani alionekana kufanya jambo moja tu: kufundisha.

Mwalimu wa Garsen hupata pia marupurupu ya mazingira magumu. Haya ni haki yake, na kuondolewa kwake kungewafukuza wengi. Hata hivyo ni vyema kutambua kinacholipiwa. Marupurupu hayo hulipia jua, umbali, maji na usalama. Hulipwa kwa anayefundisha wanafunzi 12 na kwa anayefundisha 90, kwa anayeandaa somo moja na kwa anayeandaa mawili. Yanamfidia mwalimu kwa kuwa Garsen; hayamlipi kwa anachokifanya akiwa Garsen. Matokeo yake ni kwamba yanamshawishi kuvumilia mahali, bila kumpa sababu ya kuimarisha kazi. Miaka yake ikitimia, huomba uhamisho, na ujuzi alioupata juu ya wanafunzi wa delta huondoka naye.

Chini ya mwalimu huyu yupo mwingine asiye na marupurupu yoyote. Ni yule aliyeajiriwa na bodi ya shule kuziba pengo. Mshahara wake hutoka kwa wazazi, na fedha za wazazi hutoka kwa mifugo, mahindi, mpunga na maembe. Ukame ulioanza mwaka 2020 na kuendelea hadi 2023 uliua mifugo. Mafuriko yaliyoufuata yalifagia mashamba. Kwa njia hiyo ujira wa mwalimu wa bodi hupanda na kushuka pamoja na mto. Walimu wanagenzi wa sekondari msingi walikuwa na afadhali kidogo, kwani walilipwa shilingi 20,000 kwa mwezi, lakini walifundisha vipindi kamili na mara nyingi masomo ambayo hawakuyasomea. Mnamo Aprili 2024 mahakama ya kazi iliamua kwamba kuwaajiri kwa masharti hayo hakukuwa halali, na Mei mwaka huo wengi wao waligoma. Mara nyingi mwalimu wa aina hizi mbili ndiye mwenyeji wa delta, anayezijua lugha za wanafunzi. Anayejua zaidi kuvusha ndiye anayelipwa kidogo zaidi.

5.0 Tathmini: Kuanzia Wapi, Kufika Wapi?

Mwaka 2016 TSC ilianzisha kote nchini mfumo wa kutathmini utendakazi wa walimu ujulikanao kama TPAD, na mwaka 2020 ikautoa kwa sura mpya. Kila muhula mwalimu hujiwekea malengo, hujitathmini, hukaa na msimamizi wake kujadili alama, na matokeo huingizwa katika mtandao. Ni haki kuusifu mfumo huu kwa jambo moja: umelazimisha mazungumzo ya kitaaluma kati ya mwalimu na msimamizi mahali ambapo zamani palikuwa na ripoti ya siri tu. Tangu mwongozo wa vyeo wa 2018, ambao uliondoa kupandishwa cheo kwa sababu tu ya kupata shahada, tathmini imekuwa na uzito mkubwa zaidi katika maisha ya mwalimu.

Kasoro tatu zinajitokeza katika mazingira ya Garsen.

Kwanza, mfumo unahitaji intaneti na umeme. Shule isiyo na vyote viwili haisamehewi; mwalimu husafiri hadi mjini kupandisha fomu, na siku hiyo madarasa yake hukaa bure. Chombo cha kupima ufundishaji hula muda wa kufundisha.

Pili, fomu zimeandikwa kwa Kiingereza. Mwalimu wa Kiswahili hueleza kwa lugha nyingine jinsi alivyofundisha Kiswahili. Hili si suala la hisia za uzalendo. Kazi ya kusahihisha upatanisho wa kisarufi, au ya kulinganisha bembezi la Kipokomo na wimbo wa Kiorma, haina kisanduku katika fomu hizo; na mwalimu akijaribu kuieleza kwa msimamizi asiye wa somo lake, hugeuka kuwa maneno ya jumla kama "alitumia mbinu mbalimbali".

Tatu, na ndiyo kubwa zaidi, tathmini hutazama kilele cha safari bila kutazama mwanzo wake. Ichukuliwe mifano miwili ya kubuni. Mwanafunzi wa kwanza aliingia kidato cha kwanza akiwa na uwezo wa kupata alama 12 kati ya 20 katika insha, na sasa anapata 13. Wa pili aliingia akiwa na uwezo wa kupata 4, na sasa anapata 9. Mwalimu wa mwanafunzi wa kwanza atapongezwa, wa pili ataulizwa maswali. Ilhali mwalimu wa pili amemvusha mwanafunzi wake alama tano, na mwenzake alama moja. Katika delta, ambako wengi huanzia chini kwa sababu ya lugha, mafuriko au kuhamahama na mifugo, kipimo cha kilele peke yake humwadhibu mwalimu kwa kukubali kuwafundisha wanaomhitaji zaidi.

6.0 Ustawishaji: Mafunzo Yako Ng'ambo ya Mto

Septemba 2021 TSC ilizindua mpango wa mafunzo endelevu ya lazima. Taasisi nne ziliteuliwa kuyatoa: Chuo Kikuu cha Kenyatta, Chuo Kikuu cha Mount Kenya, Chuo Kikuu cha Riara na Taasisi ya Usimamizi wa Elimu, KEMI. Mwalimu alitakiwa ajilipie ada, na vyama vya walimu vilipinga. Mjadala wa umma ulihusu ada hiyo zaidi ya yote, na palikuwa na sababu. Lakini lipo swali lililozungumzwa kidogo: mafunzo hayo yanamfundisha mwalimu wa Garsen nini kuhusu Garsen? Hakuna hata moja kati ya taasisi hizo lenye makao makuu yake katika Kaunti ya Tana River. Somo moja kwa nchi nzima haliwezi kumweleza mwalimu kwa nini mwanafunzi wake anaandika "muntu".

Hapa ndipo mkono unaonyoosha kidole unapojikuta una vidole vitatu vinavyoelekea nyuma. Mwalimu huyu ametoka chuo kikuu. Amesoma fonolojia, mofolojia, historia ya lugha na nadharia za uhakiki. Huenda alifanya mtihani kuhusu uainishaji wa Guthrie na akaufaulu. Hakuonyeshwa jinsi ujuzi huo unavyoweza kuwa chombo cha kusahihishia insha. Alipokwenda kufanya mazoezi ya kufundisha, mhadhiri alifika siku moja au mbili, akakaa nyuma ya darasa na fomu yake, akahesabu ubao, sauti, andalio na muda. Fomu ya chuo kikuu haikuwa na safu ya lugha za wanafunzi. Tathmini inayolaumiwa shuleni ilijifunzwa chuoni.

Mhadhiri naye ana mzigo wake. Migomo ya wahadhiri ya 2017 na 2018, na ule wa Septemba hadi Novemba 2025 uliotokana na malimbikizo ya mkataba wa 2017 hadi 2021, ni ushahidi kwamba hata mnara huu una nyufa. Miongozo ya mwaka 2014 ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu humpa mhadhiri alama za kupanda cheo kwa machapisho na usimamizi wa tasnifu. Safari ya kwenda Garsen kumkagua mwanafunzi mmoja, kwa basi na vumbi, ni kazi isiyozaa chapisho. Mhadhiri na mwalimu wanafanana basi kuliko wanavyodhani: kila mmoja hupimwa kwa kile kinachoandikika kwa urahisi, na kila mmoja huuona mzigo wa mwenzake kuwa kanda la usufi.

7.0 Mapendekezo

Kutokana na uchambuzi huu, hatua nne zinapendekezwa.

(a) Saa za kusahihisha ziingizwe katika hesabu ya mzigo. Dawa si kumlipa mwalimu wa Kiswahili zaidi ya wenzake wa cheo kimoja, kwani usawa wa mishahara ni kinga dhidi ya upendeleo. Dawa ni kumpunguzia vipindi kulingana na idadi ya insha anazosahihisha, na kuajiri wa kutosha kuzibeba zilizobaki.

(b) Tathmini ianze na hali ya kuanzia. Zoezi fupi la kusoma, kusikiliza na kuandika lifanywe mwanafunzi anapoingia shuleni, lihifadhiwe, na maendeleo yapimwe kutoka hapo. Zoezi hilo halihitaji intaneti. Linahitaji karatasi na kabati.

(c) Mwalimu aruhusiwe kuwasilisha ushahidi wa kazi yake ya lugha: jedwali la makosa ya wanafunzi na chanzo chake, nyimbo zilizokusanywa, mazoezi aliyoyatunga kwa ajili ya Waorma na Wapokomo. Ushahidi huo usomwe na mtu wa somo lake, na uandikwe kwa Kiswahili.

(d) Idara za Kiswahili, hasa zile za Pwani, zichukue jukumu la kuichunguza kazi hii. Chuo Kikuu cha Pwani kilichoko Kilifi, kilichopata hati yake mwaka 2013, kiko katika barabara ile ile iendayo Garsen. Tasnifu moja ya uzamili inayochanganua makosa ya insha katika shule tatu za delta ingemfaa mwalimu kuliko tasnifu kumi zinazorudia uhakiki wa riwaya ile ile. Semina ya siku tatu mjini Hola au Garsen wakati wa likizo ingemfikia hata mwalimu wa bodi, ambaye hakuna mpango wowote unaomtaja. Na majarida ya vyama vya wanafunzi, yasiyodai ada wala shahada ya uzamifu kwa mchangiaji, yawe mahali ambapo mwalimu wa delta anaweza kuchapisha alichokigundua darasani.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba tatizo la mwalimu wa Kiswahili katika Delta ya Tana si uchache wa mshahara peke yake, ingawa huo upo, wala si wingi wa vipindi peke yake, ingawa huo nao upo. Tatizo ni kwamba kazi inayomtofautisha mwalimu mzuri na mwalimu wa kawaida mahali hapo haina jina katika hesabu za mwajiri, na haijapewa jina na wanataaluma wa lugha ambao kazi yao ni kuyapa mambo majina. Lisilo na jina haliwezi kudaiwa katika mkataba, haliwezi kupewa alama, wala haliwezi kurithishwa kwa mwalimu mgeni anayeshuka basini Garsen akiwa na barua yake ya kuajiriwa mkononi.

Mwalimu huyo mgeni atapewa ratiba, atapewa vitabu, na ataonyeshwa darasa. Siku ya kwanza atasahihisha madaftari na kukutana na "muntu". Kama waliomtangulia na waliomfundisha wangekuwa wamefanya kazi yao, angejua tayari kwamba neno hilo si kosa la uvivu, ni mlango. Kwa sasa itambidi augundue mwenyewe, usiku, baada ya daftari la tisini.